Kuandika kodineti kwenye AutoCAD wakati nyumba yako haina hata kona moja ya digrii 90

Juzi kijana mmoja aliniletea mchoro wa nyumba ya mawe huku mitaani Lamu, nyumba kongwe ile ya matumbawe na boriti, na mchoro wenyewe umenyooka kila kona digrii 90 mpaka unapendeza macho. Nikamuuliza, hii umeipima au umeiota? Akacheka. Kumbe kapima vizuri tu, tepu anayo, daftari analo, namba zote zimo, ila alipofika kwenye kompyuta akawa anavuta mistari kwa mausi huku F8 imewashwa, na F8 ndo ile inayolazimisha mstari uende wima au mlalo basi, sa ukuta uliopinda utaingia vipi hapo?

Nyumba zetu hazikujengwa kwa rula. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko ina mwisho wake, upana wa chumba kwa kawaida hauvuki mita 3, na ukuta wa nje ulifuata kichochoro kilivyojipinda. Fundi mmoja mtu mzima niliwahi kumuuliza, mzee, mbona kona hii haifungi? Akaniangalia akasema, "Mwanangu, kona imefunga miaka mingi kabla hujazaliwa, ni tepu yako ndo haijui." Tangu siku hiyo mimi sivuti mstari kwa mausi, naandika namba, na hapa nataka nikuonyeshe zinavyoandikwa. Natumia AutoCAD, programu ya kuchorea nyumba kwenye kompyuta, kwa mifano, lakini kama huna pesa ya leseni LibreCAD ni ya bure na alama kubwa mbili utakazoziona hapa, @ na <, huko nako zinafanya kazi ile ile.

Kitu kimoja tu ushike kabla hatujaanza, kompyuta haina macho, haioni nyumba wala kichochoro, kila namba unayoipa inataka kujua *kutoka wapi*. Ukiwa na jibu la hilo swali mengine yote ni kubonyeza vibonye.

Basi. Kodineti (shuleni wanaita majiranukta) ni namba mbili, ya kwanza X yaani umeenda kulia kiasi gani, ya pili Y umepanda juu kiasi gani, ukienda kushoto au chini unaweka alama ya kutoa mbele ya namba. Unaandika hivi: 6.84,2.70 halafu Enta. Nukta ni ya desimali, koma ni ya kutenganisha X na Y, na usiweke nafasi baada ya koma hata kama mwalimu wako wa Kiswahili alikufundisha hivyo, kwa sababu kwenye AutoCAD kibonye cha nafasi ni sawa na Enta, ukiandika 6.84, ukagusa nafasi programu inadhani umemaliza na inakulalamikia. Ukiandika hivyo bila alama yoyote mbele, jibu la "kutoka wapi" ni 0,0, ile asili ya mchoro mzima. Hiyo ndo kodineti kamili.

Ya pili ndo utakayoitumia siku nzima. Ukitanguliza @ unaiambia programu hesabu kutoka pale nilipoishia, sio kutoka asili. @6.84,0 maana yake kutoka hapa nilipo nenda kulia mita 6.84, usipande. Kama kibodi yako ukibonyeza Shift na 2 unapata alama ya kufungua maneno badala ya @, usidhani kompyuta ni mbovu, hizo laptopu za mtumba nyingi zimetoka Uingereza na mpangilio wao wa kibodi umebadilishana hizo mbili, tafuta @ karibu na Enta.

Sa hapa kuna mtego ambao umewaliza watu wengi, mimi nikiwemo. AutoCAD za siku hizi zina ule mtindo wa namba kutokea pembeni ya mshale wa mausi, unawashwa na kuzimwa na F12. Ukiwa umewashwa, nukta ya kwanza ya mstari inahesabiwa kutoka asili lakini kuanzia ya pili kila unachoandika programu yenyewe inakiwekea @ kimoyomoyo, haikwambii. Jaribu uone. Andika L (amri ya kuchora mstari), Enta, kisha 0,0 kisha 5,0 kisha 5,3 kisha 0,3 halafu C ya kufunga. Ulitaka chumba cha 5 kwa 3. F12 ikiwa imezimwa unakipata. Ikiwa imewashwa unapata kitu kama tanga la mashua lililopasuka, kwa sababu imeenda 5,0 sawa, halafu ikaongeza 5,3 juu yake ikafika 10,3 halafu ikaongeza 0,3 ikafika 10,6 na ndipo ikafunga kurudi 0,0. Namba ni zako zile zile, umeandika sawa kabisa, ila mlikuwa hamjaelewana kutoka wapi. Dawa ni mbili, zima F12 uwe unaandika @ mwenyewe pale unapoitaka, au iache imewashwa na ukitaka kuhesabu kutoka asili utangulize # kama hivi #5,3. Mimi naizima, naona afadhali niandike alama moja zaidi kuliko kubahatisha.

Ya tatu ni ya urefu na pembe: @2.70<91.27 yaani nenda 2.70 kwa upande wa digrii 91.27. Digrii sifuri iko mashariki, kulia kwako, na zinazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo 90 ni juu, 180 kushoto, 270 chini. Wapima ardhi wao wana dini nyingine, beringi yao, yaani pembe ya uelekeo, inaanza kaskazini na inazunguka na saa, sa ukichukua beringi kwenye karatasi ya ploti ukaibandika hivyo hivyo nyumba inalala ubavu. Toa beringi kwenye 90, ikitoka chini ya sifuri ongeza 360. Mfano beringi ya 135°20'30": dakika 20 gawa kwa 60, sekunde 30 gawa kwa 3600, unapata 135.3417, 90 toa hiyo ni hasi 45.3417, ongeza 360 inakuwa 314.6583. Mfano wa karibu zaidi na sisi, kibla ukiwa Lamu ni kaskazini lakini kidogo tu upande wa magharibi, beringi yake ni karibu 357.5, kwa hiyo mstari wa kibla kwenye AutoCAD utauandika @10<92.5 na sio @10<357.5, huo wa pili utakuelekezea mihrabu baharini. Kuna njia ya kwenda UNITS ukaiambia programu ianze kaskazini na izunguke na saa, inafanya kazi, lakini ukisahau kuirudisha mchoro unaofuata utakutesa, mimi nimeiacha.

Haya twende kwenye chumba chenyewe, chumba cha ndani kile cha nyuma kabisa. Kona nne nimeziita A, B, C, D kuzunguka. Nilipima AB 6.84, BC 2.70, AD 2.62, na hapo ndo watu wengi wanafunga daftari wanaenda kunywa chai. Usifunge. Pande peke yake hazikwambii chumba kimelala vipi, unaweza kuzisukuma zikainama kama sanduku la karatasi na urefu usibadilike hata kidogo, kwa hiyo pima mishazari miwili, kona kwa kona. AC ilikuwa 7.30, BD ikawa 7.40. Tofauti ya sentimita 10! Hicho sio chumba cha mstatili safi, na kama kona ya A ingekuwa digrii 90 BD ingesoma 7.32.

Kwenye kompyuta anza na A iwe 0,0 na B iwe 6.84,0. Sasa D iko wapi? Iko mita 2.62 kutoka A na mita 7.40 kutoka B, basi chora duara katikati yake A nusu kipenyo 2.62, chora jingine katikati yake B nusu kipenyo 7.40, yanakatana mara mbili, moja juu moja chini ya mstari, wewe unajua chumba kiko upande gani kwa sababu ulisimama ndani yake. Hapo ndo D. Washa F3 ili mausi ishike makutano yenyewe sio karibu na makutano. C nayo hivyo hivyo, duara la 7.30 kutoka A na la 2.70 kutoka B. Halafu andika ID, bofya kona, programu inakusomea kodineti zake. Zangu zilitoka C 6.78,2.70 na D -0.08,2.62. Umeona hiyo hasi? Ukuta wa AD unatoka nje sentimita 8 kuelekea kushoto, kitu ambacho kwa jicho hukioni ukiwa chumbani kwa sababu ya plasta na kabati.

Sasa futa maduara na uchore chumba safi, F12 imezimwa: L, 0,0 kisha @6.84,0 kisha @-0.06,2.70 kisha @-6.86,-0.08 kisha C ya kufunga. Mimi napenda kuandika kwa @ hapa manake nikikosea upande mmoja naona pale pale, nikiandika kodineti kamili kosa linajificha. Na kuna zawadi: upande wa DC hatukuutumia popote kwenye hesabu, kwa hiyo ni shahidi wetu. Andika DI (amri ya kupima umbali), bofya D na C, ilinipa 6.86, nikarudi chumbani na tepu nikapata 6.87. Sentimita moja kwenye ukuta wa matumbawe siombi zaidi ya hapo. Ingekuwa 7.05 ningejua kuna namba nimeiandika kombo, pengine ni ile niliyoipima wakati punda wanapita kichochoroni na mwenye kushika ncha ya tepu akaruka pembeni.

Kuna wanaochora kwa milimita, ni sawa, 6.84 inakuwa 6840, ila chagua moja mchoro mzima, usichanganye. Unapounganisha mchoro wa msanifu ulio kwa milimita na wa sevea (mpima ardhi) ulio kwa mita nyumba inakuwa kubwa mara 1000, inafunika kisiwa.

Zidaka (vidaka, vile vishubaka vya ukutani) je? Ukuta wa ndani una safu za vidaka na hutaki kuhesabu kila kimoja kutoka 0,0 huko mbali. Kidaka cha kwanza kiko sentimita 45 kutoka kona. Anza amri yako ya kuchora, ikikuuliza nukta ya kwanza andika FROM, bofya kona, kisha @0.45,0. Umeiambia wewe mwenyewe kutoka wapi. Na kama ukuta wenyewe umeinama, geuza mhimili uulalie ukuta: andika UCS, bofya kona moja ya ukuta iwe asili mpya, bofya kona ya pili iwe ndo upande wa X, kisha Enta. Sasa @0.45,0 inatembea juu ya ukuta kabisa hata kama ukuta umelala digrii 7, vidaka vyote unaviandika kwa namba za daftari bila kukokotoa kitu. Ukimaliza UCS halafu W, unarudi dunia ya kawaida. Usisahau hiyo W tafadhali, nimewahi kusahau nikachora nusu ya msana mzima, ule ukumbi mrefu wa nyumba, umeinama, nikalaumu mausi.

Sasa ploti. Hapa namba zinakuwa kubwa na makosa yanakuwa makubwa vile vile. Sevea akikupa listi ya bikoni (alama za mipaka ya ploti) kwa UTM, mfumo wa kodineti za ramani unaogawa dunia kwa zoni, pwani yetu yote ya Lamu na Malindi iko zoni 37 kusini, mhimili wake wa kati ni longitudo 39 na pale easting (namba ya kwenda mashariki) imepewa 500000, ikweta northing (namba ya kwenda kaskazini) imepewa 10000000 ili sisi wa kusini tusipate hasi. Kwa hiyo mjini Lamu utaona easting ya 711 elfu na kitu na northing karibu 9749000, Malindi mjini easting 624 elfu hivi na northing 9644 elfu na kitu. Zikariri hizo mbili tatu, zitakuokoa, kwa sababu listi nyingi za sevea zinaanza na northing kisha easting wakati AutoCAD inataka easting kwanza, ndo X. Yenye tarakimu sita ni X, yenye saba ni Y, huhitaji hata kusoma kichwa cha safu. Ukizigeuza mchoro haukatai, ploti inachoreka vizuri tu, ila imekuwa kama unaiona kwenye kioo, jirani wa kushoto kawa wa kulia.

Na sasa kosa langu la aibu. Ofisi moja walinitumia bikoni kwenye karatasi, easting zikiwa na koma za maelfu, 711,500 hivi, northing hazina, nami nikaandika nilivyoona. Programu ikasoma 711 ndo X, 500 ndo Y, na northing niliyoifuatisha ikaenda kuwa Z, yaani urefu wa kwenda mbinguni. Bikoni yangu ilikuwa kilomita 9749 juu angani na mimi naiangalia kutoka juu naona nukta imetulia tu. Nilihangaika karibu siku nzima, mpaka nilipoandika ID nikaona Z ina tarakimu saba ndo nikajua. Futa koma zote za maelfu kabla hujaandika chochote.

Jambo jingine, listi ikiwa imetoka kwenye simu au GPS ujue hiyo ni ya mfumo wa WGS84, na ramani nyingi za zamani za serikali ziko kwenye mfumo mwingine, Arc 1960, hizo mbili zinaachana karibu mita 300, hasa kaskazini na kusini. Mita 300 Lamu ni kutoka ufukweni mpaka katikati ya mji. Uliza kwanza, usikubali jibu la "ni UTM" peke yake. Na GPS ya simu inakosea mita kadhaa hata ikiwa na siku nzuri, ni ya kujua ploti iko mtaa gani, sio ya kuweka ukuta.

Ukishaandika bikoni na skrini ikabaki tupu usishtuke, uko kwenye 0,0 na ploti iko maelfu ya kilomita kutoka hapo. Andika Z, Enta, E, Enta, uone mchoro wote. Ukiona vidoa viwili vidogo, kimoja chini kabisa na kingine mbali juu, kuna kitu umekisahau pale 0,0, kifute kisha rudia. Na usiihamishe ploti kuileta 0,0 ati kwa sababu namba ndefu zinachosha, ukiihamisha umepoteza mahali pake halisi na sevea akikuletea bikoni nyingine hazitakaa. Hamisha mhimili kwa UCS, ploti iache ilipo.

Bikoni zikiwa 40 usiandike moja moja, utakosea tu. Ziweke kwenye Excel, easting safu ya A, northing safu ya B, kwenye C andika =A2&","&B2 uvute mpaka chini, nakili safu yote ya C. Rudi AutoCAD, zima F3 na F12 zote mbili, manake F3 inaweza kuvuta nukta ikaenda kwenye kona ya jirani bila kukuuliza, andika PL (amri ya mstari wa vipande vilivyoungana), Enta, kisha bandika pale chini kwenye mstari wa amri. Zote zinaingia kwa mpigo, malizia na C kufunga.

Halafu andika AREA, Enta, O, Enta, ubofye ploti. Kama ni ile ploti yetu ya kawaida ya futi 50 kwa 100, hiyo ni 15.24 kwa 30.48, inatakiwa isome mita za mraba 464 na nusu hivi, yaani hekta 0.0465, linganisha na karatasi. Ikitofautiana sana kuna bikoni umeiruka au tarakimu imepinduka. Ila angalia, eneo halitakwambia kama uligeuza easting na northing, kioo hakibadilishi ukubwa, kwa hiyo hilo litazame kwa ID bikoni ya kwanza: X tarakimu sita, Y saba, Z sifuri.